Dakika Tatu za Mama Moraa

Wiki ya pili sasa tangu niteremke kwenye basi na sanduku langu, na hakuna hata mmoja wenu pale kijiweni kwa fundi saa aliyeniuliza afya. Wote ni "Marekani vipi, Marekani vipi." Nikianza kusimulia mmoja anadakia, mwingine anacheka, chai inapoa na habari inaishia njiani. Basi nimekaa chini nimeandika. Someaneni wenyewe, na atakayetaka kukatiza aikatize karatasi.

Ninyi mnanijua, lakini karatasi huenda ikafika mbali, kwa hiyo nijitaje. Mimi ni Eliasi, mwenye mashine za kusaga. Shule niliishia darasa la nne. Nilianza na pampu moja ya baiskeli na karai la maji la kutafutia pancha. Leo mashine tatu zinaunguruma Makambako, na zote nilizifunga kwa mikono hii. Uenyekiti wa kamati ya soko ninao mwaka wa tisa, na mpinzani sijamwona. Ndiyo maana watu wa mradi mmoja wa Wamarekani, walipotafuta mtu wa kwenda kuona jinsi wananchi wa Marekani wanavyosema na viongozi wao, hawakuhangaika sana. Habari za viza, picha na mihuri naziruka. Hazina utamu.

Dar es Salaam: mlango unaolia

Uwanja wa ndege kuna mlango wa kupita, ukiwa na chuma unalia. Kwangu ulilia mara tatu. Nilitoa mkanda, nikatoa saa, ukalia. Mwisho nikatoa fungu la funguo.

Askari akalipima mkononi. "Mzee, wewe ni bwana jela?"

"Mimi ni mtu wa maendeleo," nikamwambia, nikaanza kumsomea. Mashine ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nyumba. Ghala. Stoo. Kufuli la pikipiki.

"Na huu?" Alishika ufunguo mmoja mrefu, wa kizamani, wenye kutu.

"Huo nimeusahau. Lakini kama uko kwangu, ujue ni wa maana."

Akanirudishia huku anacheka na wenzake. Mimi nikapita kifua mbele.

Ulaya: saa tisa za ukungu

Ndege ya pili haikuondoka kwa sababu ya ukungu. Tukakaa saa tisa kwenye viti vya plastiki. Hapo ndipo nilipowatambua wenzangu wa safari, kwa sababu wote tulipewa mkoba wa bluu unaofanana. Mmoja ni mwanamume mrefu, mwembamba, suti ya kahawia: Ilir, mwalimu kutoka Albania. Mwingine ni mama mnene mwenye mashavu mekundu, Dolgor, kiongozi wa ushirika wa maziwa huko Mongolia. Lugha hatukuwa nayo hata moja ya kuchangia. Tulikuwa tunachekeana tu kama watu waliopigwa picha.

Njaa ilipozidi, nikatoa karanga za mke wangu. Dolgor akafurahi, akazama mkobani, akanipa kitu cheupe, kigumu, ukubwa wa kidole gumba. Nikakigeuza. Nikadhani ni jiwe la kunolea, zawadi ya heshima kwa mwanamume, nikakitia mfukoni na kumshukuru kwa kuinama. Yeye akatoa kingine, akakitia mdomoni, akaninyooshea kidole: kula. Kumbe ni maziwa yaliyokaushwa. Nikakitia mdomoni saa nne asubuhi. Saa nane mchana kilikuwa bado kimo. Ilir aliuma chake, akashika shavu, na hakucheka tena hadi Washington.

Washington: ndugu wa foleni

Mkalimani alitupokea huko. Jina lake Kabeya, Mkongo wa Lubumbashi, anaishi Rockville, mji wa jirani, na anaendesha gari huku anajibu simu. Kiswahili chake kina Kifaransa ndani, na kwa bahati Ilir alikuwa mwalimu wa Kifaransa, kwa hiyo mdomo ukafunguka.

Siku ya kwanza walituketisha darasani na wenzetu wengine wa mikoba ya bluu. Mama mmoja mwenye mradi akasema karibuni, ninyi nyote mnatoka nchi zilizokuwa za kikomunisti. Nikasimama. Nikasema, Kabeya mwambie, kuna kosa kwenye orodha. Sisi hatukuwa wakomunisti. Sisi tulikuwa wajamaa.

Ilir akageuka. Akamuuliza Kabeya kitu, naye akaniletea: "Papa, huyu anauliza, sukari mulikuwa munapata namna gani?"

"Kwa kadi. Duka la ushirika."

"Na foleni?"

"Foleni ilikuwepo. Unaweka jiwe lako kwenye mstari unakwenda nyumbani, jiwe linakusubiria."

Ilir akapiga paja. Kwao waliweka chupa za maziwa. Akauliza tena: na mikutanoni, kiongozi akimaliza kusema, nani alikuwa anaacha kupiga makofi kwanza?

Nikafikiri. "Hakuna," nikasema. "Mikono ikiuma tunaimba."

Basi yule mtu akatoka kwenye kiti chake, akanikumbatia mbele ya darasa zima, akaniita jina ambalo Kabeya alilitafsiri kama "ndugu." Dolgor hakuelewa neno, lakini naye akaja akakumbatia. Nikaketi. Sikuleta tena hoja ya ujamaa.

Falls Church: unga usio na roho

Wageni tuligawiwa majumbani. Kwa kuwa Kiingereza changu kinakwisha kwenye salamu, nilipelekwa Falls Church kwa mama wa Kikenya, Mkisii, anaitwa Kerubo. Wote humwita Mama Moraa, kwa jina la binti yake wa miaka kumi. Anahudumia wazee katika nyumba moja ya kulea wazee, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Ghorofa yake iko karibu na ile barabara kubwa wanayoiita Route 7.

"Karibu sana mzee, feel at home. Nyumba ni ndogo lakini heater inafanya kazi. Moraa, kuja usalimie mgeni!"

Mtoto akaja. Nikanyoosha mkono nikangoja shikamoo. Nikapata "Hi." Mkono ukabaki hewani. Moraa akamwuliza mama yake jambo kwa Kiingereza, mama akacheka mpaka akashika meza.

"Anauliza kama mkono wako unauma."

Tulikula ugali na sukuma wiki. Kama mtaalamu wa unga nilitoa hukumu yangu: ni laini kama poda, hauna roho, aliyeusaga hakuusikiliza. Mama Moraa akasema, "Mzee, huo ugali umekula mara tatu." Nikamwambia nilikuwa nauchunguza.

Baada ya chakula ndipo alipotoa yaliyomkaa moyoni. Kazini anakwenda kwa basi, na siku yake kubwa ni Jumapili, kwa sababu wengine wote wanataka kupumzika. Sasa halmashauri ya eneo ilikuwa imetangaza kulifuta basi la Jumapili, eti linatembea tupu. Msimamizi wake alikwishamwambia waziwazi: asiyeweza Jumapili atatafutiwa mwenzake, na huyo mwenzake atachukua siku zote.

"Si ununue gari?" nikamuuliza. Watu wote huko wana gari.

"Niliinunua. Nikaingia nayo Beltway, hiyo highway ya kuzunguka mji. Aki mzee, nilishindwa kutoka. Kila nikitaka kutoka, lori. Nilizunguka Washington yote nikarudi pale nilianzia, nikilia. Nikaiuza hiyo wiki."

Jumanne iliyofuata kulikuwa na mkutano wa hadhara upande wa Fairfax. Mwananchi yeyote anajiandikisha, anasimama mbele ya wakubwa, anasema. Yeye alikuwa amejiandikisha, na tangu siku hiyo alikuwa anajuta. Hajawahi kusema mbele ya watu, hata kanisani husali kimoyomoyo.

Nikaweka kijiko chini. "Mama Moraa," nikasema, "Mungu amekuletea mtu. Mimi nimewahi kuhutubia soko la Makambako tangu saa sita hadi jua linazama, na hakuna aliyeondoka."

"Na walikuwa wanaweza kuondoka?" Moraa akauliza. Kumbe Kiswahili anakisikia chote.

Rockville: mikono juu

Ijumaa Kabeya alitupeleka Rockville kutazama kikao cha wawakilishi wa upande ule, ili tujifunze kabla ya kwenda Fairfax. Tulikaa nyuma kwenye viti vya wananchi. Ukumbi mzuri, zulia, maji ya kunywa. Mwenyekiti ni mama mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo. Wakajadili jambo la miti ya barabarani muda mrefu mpaka Dolgor akalala.

Mara mwenyekiti akasema neno, na wajumbe wakainua mikono. Sasa ninyi mnajua. Mkono wa mtu aliyekulia kwenye mikutano yetu hausubiri kichwa. Nilipoona mikono inainuka, wangu ulikuwa tayari juu. Nikatazama kushoto, Ilir kainua, tena kanyoosha kabisa. Dolgor kaamka usingizini na mkono juu. Safu nzima ya mikoba ya bluu, mikono juu kama shamba la mahindi.

Mwenyekiti akatuangalia juu ya miwani. Akasema kitu, ukumbi ukaangua kicheko.

"Anasema merci kwa wageni," Kabeya akaninong'oneza, amejifunika uso, "lakini kura yenu hapana hesabiwa."

Ilir akauliza waliopinga watafanywaje. Kabeya akajibu watakwenda nyumbani kula. Ilir akamtazama mjumbe mmoja aliyekuwa amepinga, mzee mfupi anayekuna sikio bila hofu yoyote, akamtazama mpaka yule mzee akahisi na kumpungia mkono.

Jumapili: viatu vyeupe

Jumamosi nzima nilimfundisha Mama Moraa jikoni. Kila msemaji, alisema, anapewa dakika tatu tu. Nikamwambia dakika tatu ni nyingi kwa mtu aliyepangika. Akaleta saa yake ya jikoni yenye umbo la nyanya: unaizungusha, inatiktika, muda ukiisha inalia.

Nikampanga nilivyopangwa mimi na wakubwa zangu. Hotuba ina mlango, huingii dirishani. Mheshimiwa mwenyekiti. Waheshimiwa wajumbe. Makatibu. Wazee wa dini mliopo. Akina mama. Vijana wetu. Wageni kutoka mbali. Na wote ambao sikuwataja kwa majina, mjione mmetajwa. Kisha shukrani za kupewa nafasi. Kisha kuomba radhi kama utateleza. Yeye anayaweka kwa Kiingereza, mimi napiga meza kumpa mwendo.

Nyanya ikalia.

"Mum," Moraa akasema, "you didn't even say the bus." Hata mimi nilielewa: hata basi hajalitaja.

"Usijali," nikasema. "Ukiwaheshimu hivyo, wataacha wenyewe uendelee." Na yule mama, kwa sababu mimi ni mgeni na nimemzidi umri, akaniamini.

Jumapili asubuhi nilimsindikiza kazini ili nilione hilo basi. Lilitoka kituo cha kwanza tukiwa wawili na dereva. Nikawaza, halmashauri wana haki. Kituo cha pili, mtu mmoja. Kituo cha tatu, jamani! Wakapanda akina mama wenye viatu vyeupe, wote viatu vyeupe, wa kila rangi na kila lugha, mpaka nikasimama kumpisha mmoja ambaye ni wa umri wa mama yangu. "Ni wenzetu wa kazi," Mama Moraa akasema. "Nyumba tofauti, kazi moja." Mmoja Mtanzania wa Tanga akaniamkia shikamoo, nikajisikia nimefika nyumbani.

Fairfax: taa nyekundu

Jumanne saa kumi na moja jioni ukumbi ulijaa. Mikoba ya bluu tulikaa safu ya katikati. Nyuma yetu niliwaona wale wenye viatu vyeupe, wengine na nguo za kazi. Mezani kwa msemaji kuna taa tatu: kijani unasema, njano umalizie, nyekundu umenyamaza.

Mama Moraa aliitwa. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Taa ya kijani ikawaka, akaanza, na nawaambia alikuwa vizuri! Sauti imetulia, mwendo ni ule ule wa kupiga meza. Mheshimiwa mwenyekiti. Waheshimiwa wajumbe. Nikamgusa Ilir begani: mwanafunzi wangu huyo. Makatibu. Wazee wa dini. Mwenyekiti wa huko, mwanamume mwenye upara, akawa anatazama huku na huku kuwatafuta wazee wa dini. Akina mama. Vijana.

Njano ikawaka. Alikuwa kwenye shukrani.

Nilijua hapo. Nilitaka kupiga kelele "Basi! Sema basi!" lakini taa ilikuwa yake, si yangu. Aliiona njano, akababaika, akafanya alichofundishwa afanye mtu akiteleza: akaomba radhi. Akiwa bado anaomba radhi nyekundu ikawaka. Yule mwenye upara akamshukuru kwa upole, akaita jina jingine.

Akarudi akakaa pembeni yangu. Hakunilaumu. Aliangalia mikono yake tu, akasema polepole, "Mzee, sijasema bus."

Ndugu zangu, nimewahi kuvunjikiwa mashine siku ya mavuno. Haikuniuma vile.

Mwisho wa orodha mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine anayetaka kusema. Nikasimama. Kabeya akanivuta koti. "Papa, weye si wa hapa!"

"Nalala Falls Church. Waambie."

Akawaambia. Mwenyekiti akacheka kidogo, akaniita kwa mkono: njoo. Njiani Kabeya akaninong'oneza, "Na mi nitatafsiri, kwa hiyo dakika tatu ni moja na nusu. Papa, unasemaka mingi. Tafazali."

Kijani. Nilifungua mdomo na ule "Mheshimiwa" ukaja wenyewe hadi menoni. Nikaumeza. Mnaonijua mtakubali kwamba sijawahi kumeza kitu kigumu namna ile, hata yale maziwa ya Dolgor.

"Mama huyu nimemharibia mimi," nikasema. "Nilimfundisha kusalimia, sikumfundisha kusema. Jumapili nilipanda hilo basi. Kituo cha kwanza ni tupu, kweli, na kama mlihesabu hapo mlihesabu vizuri. Kituo cha tatu mimi nilisimama. Wanaolipanda ndio wanaowaogesha na kuwalisha wazazi wenu siku mliyopumzika. Likifutwa, mzazi wako Jumapili ataogeshwa na nani?"

Kabeya akatafsiri, na naona alitia na machungu yake. Njano ikawaka. Nilikuwa sina la kuongeza, jambo ambalo halijawahi kunitokea, ila mkono ukakumbuka kazi yake. Nikawageukia watu, nikapiga sauti ya sokoni, "Wanaopanda basi la Jumapili, mikono juu!"

Kabla Kabeya hajatafsiri, yule wa Tanga kainua. Akageuka kwa mwenzake, mwenzake akainua. Wakaendelea kuinuka, viatu vyeupe nyuma, mikono juu, safu baada ya safu. Mama Moraa akainua wake, mrefu, mpaka ubavu wa gauni ukavutika. Na katikati, wakiwa hawajawahi hata kuliona hilo basi, Ilir na Dolgor na mikoba yote ya bluu, mikono juu.

Nyekundu ikawaka. Mwenyekiti aliitazama ile mikono. Aliinama akaandika.

Kurudi: nyanya

Siku ya kuondoka Mama Moraa alikuja uwanja wa Dulles na binti yake. Uamuzi ulikuwa umetoka jana yake. Safari za mchana wa Jumapili wamezifuta, basi la asubuhi na la jioni yamebaki. Yeye anahitaji hayo mawili tu. Alinieleza yote bila salamu hata moja, kwa pumzi moja, kisha akacheka.

"Umeona mzee? Nimekuwa mfupi."

Moraa akanipa mfuko wa karatasi. Ndani ni ile nyanya. "Shikamoo," akasema, na yeye ndiye aliyenyoosha mkono. Nikaitikia, nikalia kidogo, nikasingizia baridi.

Ilir aliniandikia anwani yake. Dolgor alinipa mawe mawili zaidi. Mlangoni funguo zangu zikalia kama kawaida.

Sasa mliokosa mkutano wa soko wa Jumamosi, mwisho ni huu. Niliweka nyanya mezani nikatangaza sheria: kila mtu dakika tatu, mwenyekiti naye akiwemo, na salamu zimo ndani. Nyanya ilinililia mimi wa kwanza, nikiwa bado nawaeleza urefu wa ndege. Mliokuwepo mlicheka, sawa. Wakapita wanaume watatu, ikawalilia nao.

Kisha akasimama Tulizo, yule anayeuza dagaa kona ya chini. Miaka tisa ya uenyekiti wangu sijawahi kusikia sauti yake mkutanoni. Nikaizungusha nyanya.

"Mwenyekiti," akasema, "choo cha soko kimefungwa tangu ulipoondoka. Ufunguo unao wewe. Wiki tatu tunajisaidia nyuma ya mashine yako. Nimemaliza."

Akaketi. Ikasikika nyanya tu, tik, tik, tik, ina dakika mbili na zaidi za bure. Nikaingiza mkono mfukoni, nikapita mashine ya kwanza, ya pili, ya tatu, nyumba, ghala, stoo, kufuli la pikipiki, nikaushika ule mrefu, wa kizamani, wenye kutu, uliokwenda Washington na kurudi.

Sikuhutubia. Nilikwenda mwenyewe kufungua, na nilipogeuka, foleni ilikuwa tayari.